Je, kulia miezi mitano baada ya mazishi ni kukosa imani?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Newala:

"Mume wangu alifariki mwezi wa tano kwa ajali ya pikipiki. Tuna watoto wawili, wa miaka 11 na 6. Sisi ni Waanglikana, ila mama mkwe wangu ni Mwislamu, na arobaini ilileta maneno pande zote mbili. Wapo pia wanaosema ile ajali haikuwa ya bure. Sasa korosho zimeanza kudondoka, kila nikiingia shambani nalia, na usiku nalia tena. Wenzangu wa kikundi cha maombi wananiambia nina roho ya huzuni, niikemee, maana Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Mtoto mdogo ananiuliza baba atarudi lini. Je, nimekosa imani? Na nifanyeje?"

Mama, pole sana kwa msiba. Na pole ya kuubeba mpaka leo, wakati waliokuja kukushika mkono wameshakunja mikeka yao na kurudi makwao.

Hujakosa imani. Wala huna pepo wa kukemewa. Una huzuni, na huzuni katika Maandiko haikemewi, inasikilizwa.

Fungua Yohana sura ya 11 uisome yote, polepole, usiishie kwenye ule mstari mfupi wa "Yesu akalia machozi". Lazaro ana siku 4 kaburini. Martha anatoka kumlaki Yesu njiani na kumwambia kwamba kama angalikuwapo, ndugu yake hangalikufa. Yesu anamjibu kwa maneno, wanazungumza, na hapo ndipo linapotoka lile neno linalosomwa karibu kila mazishi: "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima." Baadaye anakuja Mariamu na kusema maneno yaleyale ya dada yake. Ila Mariamu ameanguka miguuni pake, analia. Safari hii Yesu hafundishi kitu. Anauliza wamemweka wapi, kisha analia naye. Lawama ni ileile, lakini aliyekuja kutaka neno alipewa neno, na aliyekuja na machozi alipewa machozi. Ukipata mtu wa kukaa nawe namna hiyo ya pili, mshike.

Tazama pia Yesu alikuwa anajua nini. Kabla hawajaanza safari alishawaambia wanafunzi kwamba anakwenda kumwamsha Lazaro. Alipokuwa analia, lile jiwe lilikuwa karibu kuondolewa, na alijua. Kama machozi ni dalili ya kukosa tumaini, basi yeye hakuwa na sababu yoyote ya kulia. Alilia kwa sababu kifo kinauma hata pale ambapo mwisho wake unajulikana. Zaidi ya hapo, neno la Kigiriki ambalo Biblia yetu inalisema "aliugua rohoni" lina hasira ndani yake. Paulo naye, katika 1 Wakorintho 15:26, anaita mauti adui wa mwisho. Mkristo hatakiwi kujifanya rafiki wa adui aliyemwingilia nyumbani.

Sasa ile mistari ambayo wafiwa huambiwa. 1 Wathesalonike 4:13 husemwa vipandevipande, ikabaki "msihuzunike". Paulo hakusema hivyo. Alisema "msije mkahuzunika kama na wengine wasio na matumaini". Neno "kama" ndilo linalobeba sentensi yote. Anachokataza ni huzuni ya mtu anayeamini kwamba kaburi limefunga kila kitu. Huzuni yenyewe hakuikataza, na asingeweza, maana kwa Wafilipi aliandika kwamba kama Epafrodito angekufa angepata huzuni juu ya huzuni. Na Stefano alipouawa, Matendo 8:2 inasema watu watauwa walimzika na kumfanyia maombolezo makubwa. Hao waliishi siku za mwanzo kabisa za kanisa, wameona mambo ambayo sisi tunayasoma tu, na walilia kwa sauti.

"Bwana alitoa, na Bwana ametwaa" ni maneno ya Ayubu. Angalia nani anasema na amefanya nini kabla. Ni mfiwa mwenyewe ndiye anayeyasema, baada ya kurarua joho lake na kunyoa kichwa. Hakuna mgeni aliyemwambia. Sura ya 3 mtu huyohuyo anailaani siku aliyozaliwa, na Mungu hamfukuzi. Rafiki zake walifanya vizuri siku 7 za mwanzo, walipokaa naye chini wakanyamaza kwa kuwa waliona huzuni yake ni kubwa mno. Walipoanza kuhubiri ndipo wakaharibu, na mwishoni Mungu anawakasirikia wao, siyo yeye. Kwa hiyo mstari huo ukitoka kinywani mwako siku moja, utakuwa sala. Ukisukumiwa na mwenzako wakati hujafika hapo, unakuwa mkono wa kukuziba mdomo. Wenzako wa kikundi nadhani wanakupenda, na wanaogopa machozi kwa sababu hawajui wayafanyie nini. Waambie kwa upole: "Nisomeeni Zaburi, kisha mkae nami kimya kidogo." Wengi wakipewa kazi ya kufanya hutulia.

Kuna msemo mwingine ambao nataka uuangalie, hasa kwa ajili ya watoto: "Sisi tulimpenda, lakini Mungu amempenda zaidi." Unasemwa kwa nia njema kwenye kila msiba kuanzia Kilwa mpaka Mtambaswala. Mtu mzima huusikia kama faraja. Mtoto wa miaka 6 huusikia kama ulivyo: Mungu akikupenda sana, anakuchukua. Wapo watoto wanaoanza kuogopa kwenda kanisani, au kukataa kusali usiku, na wazazi hawaelewi kimetokea nini. "Baba amelala" huleta mtoto anayeogopa kufumba macho. "Baba amesafiri" huleta mtoto anayekaa barabarani kusubiri pikipiki.

Mwanao anauliza baba atarudi lini kwa sababu katika umri huo watoto wengi hawajashika bado kwamba kifo hakina kurudi. Haulizi kwa utundu, na atauliza tena wiki ijayo. Mwambie kwa maneno mafupi na ya kweli: "Baba amekufa. Mwili wake uliumia sana kwenye ajali ukaacha kufanya kazi. Hawezi kurudi hapa nyumbani. Yuko mikononi mwa Yesu, na Yesu atamfufua. Mimi nipo, na nitakupikia kesho asubuhi." Hiyo sentensi ya mwisho usiiache, maana nyuma ya swali la baba mara nyingi kuna swali jingine: na wewe je, utaondoka? Daudi alipofiwa na mtoto alisema yeye ndiye atakayekwenda kwa mtoto, lakini mtoto hatamrudia (2 Samweli 12:23). Ndani ya sentensi ile kuna ukweli wa kwamba harudi na tumaini la kukutana. Mtoto anastahili kupewa yote mawili.

Yule wa miaka 11 mwangalie kwa jicho lingine. Watoto wa umri huo, hasa mkubwa wa nyumba, huacha kulia ili mama asilie. Anakuwa mtu mzima ghafla: anachota maji bila kutumwa, hachezi, haulizi kitu. Majirani wanamsifu. Mimi ningekuwa na wasiwasi na sifa hizo. Mtafutie muda wa kuwa mtoto, na asiambiwe na mtu yeyote kwamba "sasa wewe ndiye baba". Machozi yako akiyaona si vibaya, mradi umwambie unalia kwa nini na kwamba utapika chakula kama kawaida.

Kwa nini basi imekuwa nzito sasa kuliko mwezi wa sita? Kwa sehemu ni kwamba msiba una kazi nyingi. Wiki za kwanza kuna watu, kuna sufuria kubwa jikoni, kuna rambirambi za kuandikwa daftarini, kuna shughuli hii na ile. Mwili unashikiliwa na shughuli. Watu wakiondoka ndipo kimya kinaingia. Kwako wewe kuna jambo la pili: msimu. Alifariki kabla ya salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho. Kupulizia mwaka huu kumefanywa na mtu mwingine, au hakukufanywa vizuri. Na sasa unaingia chini ya mikorosho ileile, unasikia korosho ikidondoka kwenye majani makavu, unaokota, unanyonga korosho na kuitoa kwenye bibo, na mikono yako inafanya kazi ambayo miaka yote ilifanywa na mikono minne. Kumbukumbu ya mtu haikai kichwani peke yake. Inakaa katika kazi, harufu na saa za siku. Kulia hapo hakumaanishi unarudi nyuma. Mwaka wa kwanza kila kitu kinakuja bila yeye kwa mara ya kwanza: mavuno, Krismasi, siku ya kuzaliwa ya mtoto, na mwezi wa tano wenyewe. Andika tarehe hizo kwenye kalenda sasa hivi, na kwa kila moja mwombe mtu mmoja mapema awe nawe. Huzuni inayojulikana siku yake haikupigi kwa nyuma.

Mwili nao unaomboleza. Kifua kubana, kusahau ulichokuja kuchukua chumbani, kuamka saa 9 usiku, kukosa hamu ya chakula, kudhani umesikia pikipiki yake inaingia uani. Hayo ni ya kawaida na wala si wazimu.

Nikupe njia moja ya kuomboleza ambayo Biblia yenyewe inaitumia, kwa sababu "mlilie Mungu" ni rahisi kusema ila watu hawaonyeshwi jinsi. Chukua Zaburi ya 13. Ina mistari 6 tu. Miwili ya kwanza ni malalamiko: mara nne mwandishi anauliza "hata lini", na anamwambia Mungu usoni kwamba amemsahau na kumficha uso. Miwili ya katikati ni ombi, na ombi lenyewe ni dogo: niangalie, unijibu, uyatie macho yangu nuru. Miwili ya mwisho ndiyo tumaini. Sasa ifanye yako. Chukua daftari la shule la mtoto, kaa mahali pamoja kila siku, dakika 20 zinatosha, jioni kabla hujapika ni bora kuliko usiku wa manane. Andika au sema kwa sauti "hata lini" zako nne. Hata lini nitalala peke yangu? Hata lini nitajibu swali la mtoto huyu? Usizisafishe ziwe za kikanisa. Kisha ombi moja la siku hiyo tu: nipe usingizi, nipe ada, nipe subira na shemeji. Kisha, kama lipo, neno moja la tumaini.

Na kama halipo, funga daftari. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaruka moja kwa moja mpaka mstari wa 5, wanaimba wakati malalamiko bado yamewajaa, na baada ya miezi wanakuwa na imani ya mdomoni na moyo uliofunga mlango. Ipo Zaburi ya 88 ambayo haifiki kabisa kwenye tumaini, inaishia gizani. Waliopanga zaburi hawakuitoa. Siku zako za Zaburi ya 88 zina mahali pake mbele za Mungu. Dakika 20 zikiisha, simama, nawa uso, ukapike. Kuwa na mahali na saa ya kulia huusaidia moyo usivamiwe kila saa, ingawa mwanzoni machozi yatakuja pia nje ya saa hiyo, yaache yaje.

Nguo zake zigawe au uziweke, hakuna sheria. Mila ya kugawa nguo za marehemu ni nzuri ikifanywa na mfiwa aliye tayari. Kama bado hazijagawiwa, toa shati moja unalolipenda uliweke pembeni kabla wengine hawajaanza kuchagua. Kulinusa shati usiku si ushirikina.

Sasa arobaini. Huku kwetu Kusini familia nyingi ni kama yenu, mjomba mzee wa kanisa na shangazi anavaa baibui, na wanakula sinia moja. Biblia inataja siku tofauti za kuomboleza: Yusufu alimwombolezea baba yake siku 7, Israeli walimlilia Haruni siku 30 na Musa siku 30. Hakuna hesabu moja iliyoamriwa kwa Mkristo. Arobaini basi si wajibu wako wa imani, na pia si dhambi kukusanyika siku hiyo, kula pamoja na kumkumbuka mtu. Mipaka iko kwingine: kumwomba marehemu atusaidie, kumuuliza mambo kwa mganga, au kutoa sadaka ili roho yake isitusumbue. Kuwaomba wafu na kupiga ramli, Kumbukumbu la Torati 18 inakataza waziwazi. Mama mkwe akisomewa dua ya mwanawe na ndugu zake Waislamu, kaa kwa heshima, huna haja ya kuitikia wala ya kususa. Yeye naye amezika mwana. Kama alitaka ukae eda ya miezi 4 na siku 10, alikuwa anakuheshimu kwa namna aliyofundishwa. Hukufungwa nayo, na sasa muda huo umeshapita, usiurudishe kwenye ugomvi.

Kuhusu kumwombea marehemu, makanisa hayasemi kitu kimoja. Wakatoliki huwaombea wafu, na Waanglikana wa huku, waliolelewa na UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza iliyofika Masasi mwaka 1876, kwa desturi huwaombea pia na kuwakumbuka tarehe 2 Novemba. Walutheri na Wapentekoste wengi wanamshukuru Mungu kwa maisha ya marehemu na kuishia hapo. Wewe ni Mwanglikana, basi fuata kanisa lako bila hofu: peleka jina la mumeo lisomwe kwenye ibada ya Novemba 2, na mwambie kasisi akupangie siku ya kwenda kaburini. Kama kikundi chako cha maombi kina watu wa makanisa mengine na wanapinga, usibishane nao kaburini. Kanisa la huku lina uzoefu mrefu wa kupima mila badala ya kuzifuta zote. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi iliyoundwa mwaka 1926, anakumbukwa kwa kulipa jando sura ya Kikristo badala ya kulipiga marufuku. Kipimo hichohicho kinafaa kwa arobaini.

Kuhusu wanaosema ajali haikuwa ya bure, nitasema kidogo lakini kwa uzito. Mtu akiumia sana, moyo hutafuta wa kumlaumu, kwa sababu lawama ni nyepesi kubeba kuliko huzuni. Walimletea Yesu habari za watu waliokufa vibaya, naye akawakumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kusema walikuwa wabaya kuliko wengine (Luka 13). Hakutaja mkosaji wa siri. Ukienda kwa mganga kuuliza nani, utarudi na jina, na jina hilo litakuwa la jirani au la ndugu, na watoto wako watakua katikati ya uadui huo. Ukiulizwa maoni yako, jibu moja linatosha: "Mimi nimemzika kwa jina la Yesu, jambo hilo silifuati." Usiongeze neno.

Kuna upande wa karatasi pia, na ninauweka kwenye jibu la imani kwa makusudi, kwa sababu Yakobo 1:27 inasema dini iliyo safi ni kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao, na dhiki ya mjane wa Newala mwezi huu ina sura ya korosho. Kifo kinatakiwa kisajiliwe ndani ya siku 30. Kama bado, nenda ofisi ya wilaya ya RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, na karatasi ya hospitali au barua ya mtendaji, uulize utaratibu wa usajili uliochelewa, usingoje. Kisha kiitishwe kikao cha ukoo, muhtasari uandikwe na waliohudhuria watie saini, mkipendekeza msimamizi wa mirathi. Wewe mjane unaweza kupendekezwa. Uende nao Mahakama ya Mwanzo; karani atakuambia kama shauri lenu linafunguliwa hapo au mahakama ya juu yake, maana mirathi ya Mkristo haiendi mahali pamoja kila wakati. Kumbuka hili: msimamizi si mrithi. Kazi yake ni kukusanya na kugawa, siyo kumiliki. Ugomvi mwingi unaanzia hapo.

Kwa mila za asili za Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, na kwa hiyo wajomba na watoto wa dada wa marehemu wanaweza kudai shamba. Zungumza nao kwa adabu, ukiwa na kasisi au mzee wa kanisa kando yako, na usitie dole gumba kwenye karatasi usiyosomewa. Nenda mapema pia kwa katibu wa chama cha msingi, yaani cha ushirika wa wakulima, kabla hujapeleka gunia la kwanza, umuulize korosho zitaingia kwa jina na akaunti ya nani, maana malipo yakiingia kwenye akaunti ya marehemu hutayatoa mpaka mirathi ishughulikiwe mahakamani. Wilayani wapo wasaidizi wa kisheria wanaoweza kukusaidia. Na kama kuna anayekujia na fedha mkononi akitaka ununuzi wa kangomba, yaani wa nje ya chama na kwa bei ya chini, kwa sababu anajua una shida, hapo ndipo kikundi cha maombi kingekuwa na kazi ya kweli: wakukopeshe unga wa wiki 3 ili usiuze. Mwaka huu usiuze shamba wala usiliweke rehani kama unaweza kuliepuka. Moyo uliofiwa huamua haraka ili tu jambo liishe.

Ni lini basi uende hospitali? Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iitwayo ICD-11, linataka ipite zaidi ya miezi 6 kabla huzuni ya msiba haijaitwa maradhi, na hata hapo wanaangalia kama imepita kiasi cha desturi za watu husika. Wewe una miezi 5, unalima, unalea, unasali. Lakini usihesabu miezi tu. Ukishindwa kuamka kupika siku baada ya siku, ukipungua mwili mpaka nguo zinakuvuka, ukianza kutegemea uraka, ile pombe ya mabibo, ili ulale, nao msimu huu wa mabibo uko kila kona, au watoto wakibaki bila kuangaliwa, nenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya umweleze daktari kwamba umefiwa na huwezi kulala. Ukipata wazo la kujidhuru au la kumfuata mumeo, usingoje asubuhi na usikae peke yako: mwamshe jirani, mwambie kwa maneno hayohayo, na mwende wote hospitali. Dawa na ushauri wa daktari havipingani na sala. Elia alipoomba afe, Mungu alianza kwa kumlaza na kumletea mkate na maji, mara mbili, kabla hajasema naye neno kubwa (1 Wafalme 19).

Kwa shamba, fanya hivi wiki hii. Usiingie peke yako siku za mwanzo. Mwombe mama mkwe mwende wote. Mmefiwa na mtu mmoja, na kuokota ni kazi inayoruhusu watu wawili kukaa kimya pamoja. Watoto waje siku isiyo ya shule, mkubwa apewe ndoo ndogo, siyo ile ya baba yake. Anzeni mapema, umande ukiwa bado chini. Ndoo ya kwanza ikijaa, kaeni chini ya mkorosho, mtaje marehemu kwa jina lake, kila mmoja aseme jambo moja analolikumbuka juu yake, na bibi asiharakishwe. Halafu mnyanyuke mmalize mstari huo kabla jua halijawa kali, na korosho mkazianike siku 2 au 3 kabla ya kuzitia guniani.